Marufuku ya Shikamoo Katika Nchi ya Sambamba

Mkisikia nchi inaitwa Sambamba, msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe waliitoa baada ya wataalamu wao kugundua kwamba kwenye ramani kuna nchi zilizo juu na nchi zilizo chini, jambo ambalo hawakuweza kulivumilia. Ni nchi nzuri, haina shida. Watu wake ni wapole, hawapazi sauti, na wakitembea barabarani hutazama mbele tu, kwa sababu anayetazama juu huhesabiwa ana tamaa, na anayetazama chini huhesabiwa ana mtu anayemheshimu.

Kiongozi wao alikataa katakata kuitwa rais, au mheshimiwa, au hata kiongozi. Alitaka aitwe Mwenzetu, basi, na ikulu yake iitwe Nyumba ya Kawaida. Picha yake ilitundikwa kila nyumba kwa usawa wa macho, na watu warefu walitakiwa kukunja magoti kidogo wanapopita ili macho yakutane. Majukwaa aliyakataza pia. Alipotaka kuhutubia alisimama ardhini kama mtu mwingine yeyote, na wananchi walichimbiwa shimo.

Mshahara ulikuwa mmoja kwa wote. Rubani, mchoma mahindi, profesa, mzoa taka, wote fungu lile lile. Mwenzetu naye alipokea hilo hilo, wala hakuongezewa hata senti. Ila kwa kuwa alikuwa Mwenzetu, na waziri wa ulinzi, na jaji mkuu, na kocha wa timu ya taifa, na mkunga wa heshima wa wilaya zote, alipokea mshahara mmoja kwa kila kazi, kama ambavyo mwananchi yeyote mwenye kazi zote hizo angepokea. Sheria haikumpendelea.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Mwamvita, mfuaji wa mashuka katika hospitali kubwa ya mjini. Siku mshahara mmoja ulipotangazwa, Mwamvita alilia kwa furaha, na alikuwa na haki ya kulia. Miaka yote alikuwa amefua damu za watu kwa ujira usiomfikisha katikati ya mwezi, huku daktari aliyeimwaga damu hiyo akibadilisha magari. Sasa yeye na daktari walipanga foleni moja, wakapokea kitu kimoja. Alimnunulia mama yake kitanda cha mbao chenye godoro, kitanda cha kwanza cha maisha yake bibi yule. Nalisema hili mapema, maana wapo wanaosimulia habari za Sambamba kana kwamba haikuwahi kuwa na utamu.

Utamu ulianza kuchacha siku Wizara ya Mizani ilipogundua kwamba heshima nayo ni mshahara.

Waziri wa Mizani aliitwa Masanyiwa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alisimama pembeni mwa shimo, wananchi wakiwa ndani, akalia machozi ya kweli.

"Wenzangu!" alisema. "Tumepima mishahara. Tumepima vyumba. Tumepima hadi vipande vya nyama kwenye mchuzi. Kumbe kuna utajiri unapita mbele ya macho yetu! Mtu mzima anatoka nyumbani kwake, hajafanya kazi, hajabeba hata ukuni mmoja, na kabla hajafika sokoni amekwisha kulipwa shikamoo chungu nzima! Mtoto mdogo, mwenye miguu miwili kama yeye, anarudi nyumbani hajapata hata moja! Huu ni nini kama si unyonyaji?"

Shimo zima lilipiga makofi. Wazee ndio waliopiga kwa nguvu zaidi, kwa hofu ya kuulizwa wamejilimbikizia shikamoo kiasi gani tangu mvi zilipowatoka.

Shikamoo ikapigwa marufuku. Atakayeitoa na atakayeipokea, wote wawili watapelekwa Bonde la Kunyooshea, adhabu sawa, siku sawa, lori moja. Hakuna aliyejua huko Bondeni kuna nini. Waliowahi kurudi walipoulizwa walisema, "Kuko sawa," na hawakusema neno jingine mpaka walipokufa, ambako nako hakukuchelewa.

Badala yake ilitungwa salamu mpya. Watu wawili wakikutana walipaswa kusema "Tuko sawa" kwa pamoja, asiwepo wa kuanza wala wa kuitikia. Basi ikawa asubuhi barabarani unawaona watu wamesimama, wamevuta pumzi, wanaviziana midomo. Ukikutana na mtu mwenye kwikwi, siku ya kazi imekwisha.

Mwamvita angeizoea salamu hiyo kama wengine walivyoizoea, kama si mama yake.

Bi Chausiku alikuwa mzee wa kitandani, miguu imekataa, masikio yamebaki pambo. Ila kichwa chake kilikuwa timamu kuliko wizara nzima. Asubuhi ya kwanza ya marufuku Mwamvita aliingia na bakuli la uji, akaliweka, akanyamaza. Mama yake alilitazama bakuli, akamtazama yeye, akageukia ukutani.

"Mama, kula."

"Uji wa mtu asiyeniamkia siuli. Nitajuaje kama ni wewe?"

"Mama, wamekataza," Mwamvita alimwambia sikioni.

"Nani kakataza?"

"Mwenzetu."

"Mwenzako wewe, mimi simjui!" Bi Chausiku alisema kwa sauti ya viziwi, ile inayotoka hadi uani. "Mishahara yenu gawaneni sawa, mimi nimefurahi, nimepata kitanda. Lakini shikamoo yangu nimeizaa kwa uchungu. Hiyo hawakunipa wao."

Hakula siku hiyo. Hakula na iliyofuata. Siku ya tatu macho yake yalikuwa yameingia ndani, na Mwamvita akaona mama atamfia hivi hivi huku uji unapoa. Alifunga madirisha, akajifunika blanketi pamoja na mama yake gubigubi, akaweka mdomo kwenye sikio lile kavu na kusema, "Shikamoo, mama." Bi Chausiku alifungua kinywa kuitikia kama kawaida yake, kwa kifua chote, na Mwamvita akawahi kumziba kwa kanga. Marahaba ikaishia kwenye kanga. Bibi akala uji wote, akaomba mwingine.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Kila asubuhi blanketi, sikio, kanga. Na kila asubuhi Mwamvita aliogopa upya, kwa sababu upande wa pili wa ukuta alikaa Pandu, Msikilizaji wa Mtaa. Kazi ya Pandu ilikuwa kukaa na sikio ukutani, na kwa kazi hiyo alilipwa sawa na daktari wa moyo.

"Tuko sawa," walisema pamoja siku moja mlangoni, Mwamvita na Pandu. Kisha Pandu akaongeza polepole, "Mwenzangu, mama yako anakohoa sana asubuhi."

"Kifua, mwenzangu."

"Kila siku wakati ule ule?"

"Kifua chake kimezoea."

Pandu alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri sana. Mwamvita aliingia ndani akakaa chini nyuma ya mlango, na hakusimama mpaka mama yake alipoita maji.

Haya. Ikafika siku ya kulipana mshahara, na ikatangazwa kwamba Mwenzetu mwenyewe atakuja hospitalini kuwakabidhi watu wawili kwa mkono wake: daktari mmoja na mfuaji mmoja, nchi ione usawa kwa macho. Mfuaji aliyechaguliwa ni Mwamvita. Walimvalisha koti jeupe sawa na la daktari, wakampaka mafuta usoni, wakamfundisha kuvuta pumzi. Shimo lilichimbwa uani, wagonjwa wakashushwa humo na vitanda vyao. Maikrofoni ilisimamishwa, na redio ya taifa ikapeleka kila kitu hadi vijijini.

Daktari alipita salama. Akaitwa Mwamvita.

Alikwenda huku macho yamo kwenye viatu vya Mwenzetu. Alikuwa amejiandaa kukutana na yule wa kwenye picha, mwenye nywele nyeusi na shingo ya fahali. Aliponyanyua uso alikutana na mzee. Mzee hasa, wa kushikwa mkono. Rangi ya nywele ilikuwa imemchuruzika masikioni kwa jasho, macho yanatoa maji, mkono unaomnyooshea bahasha unatetemeka kama wa mama yake akishika kijiko. Na alikuwa akikohoa kikohozi kile kile cha wazee, cha kutoka mbali.

Mwamvita alivuta pumzi kama alivyofundishwa. Akafungua kinywa aseme "Tuko sawa."

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mwenzetu, kwa sauti laini ambayo nchi ile haikuwahi kuisikia kwake. "Wazima nyumbani?"

Spika zote ziliyapeleka maneno hayo. Kisha uwanja ukanyamaza namna ambayo hata maji ya dripu yalisikika. Mtu mmoja shimoni alianza kupiga makofi kwa woga, akaona yuko peke yake, akaendelea kidogo kwa woga wa kuacha, akaacha. Mwamvita alikuwa ameganda na bahasha mkononi. Alimtazama Mwenzetu, na katika macho yale ya majimaji aliona kitu anachokijua vizuri, kile cha kila asubuhi chini ya blanketi. Mwenzetu naye alikuwa anajiuliza nani amesikia.

Ndipo mkono ukamshika Mwamvita begani. Ulikuwa wa askari kijana aitwaye Ngwali, mrefu, mwenye buti zinazong'aa na uso usio na kitu.

Walimpeleka Wizara ya Mizani, kwenye chumba chenye meza ya duara na viti vya kimo kimoja. Waziri Masanyiwa alikuwepo, na wakubwa kadhaa ambao hawakuruhusiwa kuitwa wakubwa. Ngwali alisimama mlangoni. Mwamvita hakuogopa kipigo. Aliogopa uji. Jua lilikuwa linapanda na mama yake alikuwa kitandani peke yake, madirisha yamefungwa, na hakuna duniani mtu mwingine anayejua pa kuweka mdomo ili asikie.

Mmoja wao, mwenye miwani, alianza kuisoma sheria kwa kichwa. "Mtoaji na mpokeaji, adhabu sawa, siku sawa, lori moja. Kwa hiyo lori litamchukua mwenzetu huyu mfuaji, kisha litapita pale Nyumba ya Kawaida kumchukua..."

Hapo akaona sentensi inampeleka wapi, akaiachia njiani. Alikuwa amechelewa. Ngwali alimshika kiwiko, akamtoa nje, na kiti chake kikaondolewa ili idadi ya viti iwe sawa na ya watu.

Waziri alimgeukia Mwamvita, akasogeza uso karibu.

"Mimi nina swali dogo tu," alisema kwa ile sauti nyembamba. "Watu wote nchini wameshasahau neno hilo. Mimi mwenyewe nikilitafuta ulimi unakwama. Lako limetoka laini, halina kutu. Unalifanyia mazoezi wapi?"

 Akilini Mwamvita alimwona Pandu na meno yake. Aliliona lori mlangoni, na mama yake akipandishwa na godoro.

"Ndotoni," alisema.

"Ndotoni! Unamwamkia nani ndotoni?"

Mwamvita alitafuta jina lolote la mtu wasiyeweza kumkamata, akaona liko moja tu nchi nzima.

"Mwenzetu," alisema. "Kila siku namwota Mwenzetu, namwamkia."

 Waziri Masanyiwa alirudi nyuma taratibu, na uso wake ukaanza kung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Mmesikia?" alinong'ona. "Anamwota! Mfuaji wa mashuka anamwamkia Mwenzetu kila siku! Na wengine je? Wana haki gani ya kutomwota? Akimwamkia mmoja, huo ni upendeleo. Wakimwamkia wote, huo ndio usawa wenyewe! Kosa halikuwa shikamoo, wenzangu. Kosa lilikuwa kuitawanya!"

Wote walipiga makofi, na Ngwali alipiga pia, uso wake ukiwa vile vile.

Tangazo lilitoka jioni hiyo. Kila asubuhi king'ora kitalia, wananchi wote watatoka milangoni, na kwa sauti moja watampa Mwenzetu shikamoo. Mwenzetu ataitikia kwa redio, mara moja, kwa niaba ya nchi. Na yeyote mwingine atakayepokea shikamoo, awe mzazi, awe bibi, awe babu, atahesabiwa ameiba marahaba ya taifa. Huyo Bondeni atakwenda peke yake, na hatanyooshwa, atalazwa.

Kwa heshima aliyoiletea nchi, Mwamvita alirudishwa nyumbani, naye ndiye angeongoza shikamoo ya kwanza, akiwa mlangoni kwake. Mafundi walikuja wakafunga spika kubwa ukutani na maikrofoni dirishani, dirisha la chumba cha mama yake, kwa sababu ndilo lililotazama barabara. Ngwali aliachwa pale na lori alinde mitambo. Pandu alikuja kumpongeza, wakasema "Tuko sawa" kwa pamoja, lakini Mwamvita alichelewa kidogo na Pandu akaliona hilo.

Usiku aliingia kwa mama yake, wakajifunika blanketi.

"Mama, kesho ukisikia chochote, nakuomba, usijibu. Kwa ajili yangu."

"Nisikie?" Bi Chausiku alicheka. "Mwanangu, mimi mara ya mwisho kusikia kitu ulikuwa bado unanyonya. Lala."

Kulipokucha, king'ora kililia. Mtaa mzima ulikuwa milangoni, watoto kwa wazee, wamevuta pumzi. Mwamvita alisimama kizingitini, kanga yake ikiwa imelowa jasho kiganjani. Alikuwa amefikiria kumfunga mama yake kinywa kwa kanga hiyo kabla ya kutoka. Aliikunja, akainama, mama yake akamtabasamia, na mikono ikakataa. Sasa alijuta. Taa nyekundu ya maikrofoni iliwaka. Ngwali alinyanyua mkono, akaushusha.

"Shikamoo, Mwenzetu!" Mwamvita aliita.

"SHIKAMOO, MWENZETU!" uliitikia mtaa, na mitaa ya jirani, na mji, na kwenye spika zikarudi sauti za wilaya zote, za milimani na za mabondeni, shikamoo moja kubwa iliyotikisa mabati. Sufuria ziliangukiana jikoni.

Kisha watu wote wakanyamaza kungoja marahaba.

Haikuja. Spika ilikwaruza. Ilisikika kikohozi, kile cha kutoka mbali, na glasi ikigonga meza. Mwenzetu alikuwa anatafuta maji. Nchi nzima ilikuwa imesimama na kimya chake, inangoja.

Na Bi Chausiku, kitandani mwake, baada ya miaka yote ile alikuwa amesikia.

"Marahaba!" sauti yake ilitoka dirishani kwa kifua chote. "Marahaba, wanangu, marahaba! Loo, leo mmekuja wengi! Hamjambo nyote? Ingieni ndani, msisimame juani!"

Spika iliichukua ikaipeleka. Mwamvita aliisikia ikitoka kwenye ukuta wake, kisha kwenye mtaa wa pili, kisha mbali, msikiti hadi kanisa, sauti ya mama yake ikiikaribisha nchi nyumbani. Barabara nzima ilimgeukia. Mlangoni pa tatu kizee mmoja alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Pandu alikuwa ameinua kidole tayari, kidole kikabaki hewani.

Ngwali alikuja na buti zake. Mwamvita alitandaza mikono mlangoni.

"Nichukue mimi. Ni mimi niliyemzoesha. Ni mgonjwa, kaka yangu, hajui alitendalo, nichukue mimi!"

Ngwali alimweka pembeni kwa mkono mmoja kama mtu anayesogeza pazia, akaingia chumbani. Mwamvita alimfuata akijikwaa, analia, ameshika mkanda wa askari na hata hajijui.

Bi Chausiku alikuwa ameketi. Mwaka mzima alikuwa hajaketi bila kusaidiwa, na sasa alikuwa ameketi kitako kwenye kitanda chake cha mshahara mmoja, ushungi ameuweka sawa, uso unamemeteka. Alimtazama yule kijana kuanzia buti hadi kofia.  Alikuwa anangoja, kama wanavyongoja watu wa umri wake mgeni mdogo anapoingia chumbani.

Ngwali alisimama katikati ya chumba. Mkono wake ulikuwa kwenye pingu. Nje injini ya lori ilikuwa imewashwa. Bibi alikuwa bado anangoja, na Mwamvita alikuwa bado ameng'ang'ania mkanda wa askari yule, analia.

Ngwali aligeuka akaufunga mlango kwa mguu. Alivua kofia. Akapiga goti kando ya kitanda, akainamisha kichwa, na midomo yake ikahangaika kama ya mtoto anayejifunza kusema.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona.

Dirishani taa nyekundu ya maikrofoni ilikuwa bado inawaka.

Bi Chausiku alikinga kiganja nyuma ya sikio, akamwinamia kwa upole.

"Sikusikii, mjukuu wangu," alisema. "Sema kwa sauti."